Kulala kwa Watu Kisumu: Mwongozo wa Msafiri wa Peke Yake

Kisumu haikosi hoteli, kuanzia vyumba vya bei rahisi vya Kondele hadi zile za Milimani zinazotazama ziwa. Mwongozo huu si wa mtu wa hoteli. Ni wa yule anayekuja peke yake, begi moja mgongoni, na kuna familia ya hapa imekubali alale kwao siku tatu nne. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeolewa huku, na nyumba yetu ni ya wageni mwaka mzima, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona kutoka upande wa jikoni.

Watu wengi huniuliza kama watapokewa vizuri. Mtapokewa vizuri mpaka mchoke. Mtoto atahamishwa kitandani mwake alale kwenye kochi. Utaletewa ngege, yaani tilapia, mzima kwenye sahani, na wenye nyumba watakula omena, dagaa wa ziwani, wakisema ndiyo wanayoipenda. Ukitaja kwamba ungependa kuona Dunga, ufuko wa wavuvi, mtu ataomba ruhusa kazini akupeleke. Mgeni asiyejua kujizuia huondoka amenenepa, na nyuma yake mwenyeji amebaki na deni kwa mwenye duka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua hizi ni za kumlinda mwenyeji wako dhidi ya ukarimu wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: zungumza na mama wa nyumba

Mwenyeji hupatikana kwa njia nyingi. Kuna mliyesoma naye chuoni, kuna jamaa wa msikitini au kanisani, kuna rafiki wa rafiki, na kuna mitandao ya wasafiri kama Couchsurfing. Njia yoyote uliyotumia, usilipe nauli kabla hujaongea kwa simu na anayeendesha nyumba. Mara nyingi rafiki yako Ochieng' atakwambia "karibu tu, nyumba ni yako", na mama yake au mkewe hajui lolote kuhusu wewe. Omba namba yake, piga, jitambulishe kwa jina lako na kwenu ni wapi, kisha uliza mambo ambayo watu huona haya kuyauliza: nitalala wapi, na nani anahamishwa kwa ajili yangu? Lango linafungwa saa ngapi? Choo kiko ndani au nje? Maji yanatoka au mnanunua? Mbwa anafunguliwa usiku?

Na wewe sema yako mapema. Kama huli nyama isiyochinjwa na Mwislamu, lisemwe kwenye simu, si mezani kuku ameshaiva. Samaki ataondoa tatizo hilo kwa siku nyingi, lakini kuku wa mgeni ni jambo zito hapa, na kumkataa akiwa kwenye bakuli kunaumiza. Ukisema mapema, watamwita jirani Mwislamu aje achinje, na kila mtu atakula.

Msafiri mwanamke aongeze sharti moja: asiposikia sauti ya mwanamke yeyote wa nyumba ile, atafute nyumba nyingine. Mwenyeji wa mtandaoni anayesisitiza "niko peke yangu lakini usiwe na wasiwasi" simuamini, hata sifa zake ziwe nzuri vipi. Mtumie mtu wa kwenu jina la mwenyeji, mtaa na namba ya simu, na uwe na akiba ya kulala gesti usiku mmoja ambayo huigusi kwa jambo jingine. Ukiwa na hiyo akiba, unaweza kuondoka saa yoyote bila kumbembeleza mtu.

Jua pia ni mtaa gani. Milimani ni kwa nyua pana na miti, mahali walipokaa maafisa wa ukoloni, na sasa ni wenye uwezo. Migosi, Kenya Re na Tom Mboya ni nyumba za wafanyakazi na walimu, pametulia. Manyatta na Nyalenda pamebanana, pana kelele na watu wanajuana. Mgeni akipotea huko, mtoto wa miaka saba anamrudisha nyumbani. Kaloleni ni mtaa wa zamani wa Waislamu, na mtu wa Pwani hujisikia kwao upesi. Dunga uko ufukweni, mbu wengi, asubuhi nzuri sana.

Hatua ya pili: safiri mchana, beba kisicho samaki

Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 350, basi hutumia saa saba hadi nane kupitia Nakuru na Kericho. Wengi hupenda basi la usiku ili waokoe siku. Kwa mgeni wa mtu, basi hilo ni usumbufu: linakufikisha alfajiri, na mwenyeji lazima aamke gizani akupokee. Panda la asubuhi. Utaona majani ya chai ya Kericho, halafu barabara iteremke, joto lipande, na mashamba ya mpunga ya Ahero yatandae pande zote mbili. Hapo vua koti na umpigie mwenyeji kwamba umekaribia. Ndege ni chini ya saa moja, kama mfuko unaruhusu.

Ukishuka utazingirwa na vijana wa bodaboda na tuktuk. Kubaliana bei kabla ya kupanda, na ikiwezekana mpe dereva simu aongee na mwenyeji wako, kwa sababu Kisumu watu huelekezana kwa majina ya shule, makanisa na baa, na wewe hujui baa.

Zawadi haina haja ya kuwa kubwa. Sukari, majani ya chai, mkate na mafuta ya kupikia haviwezi kukosea. Ukipitia barabara ya Nairobi na Nakuru, viazi, karoti na kabichi za kando ya njia ni bei nafuu kuliko Kisumu na mama atafurahi. Wa Pwani leteni tende, halua, kashata. Watoto wa huku wanaweza kukumbuka jina lako mwaka mzima kwa sababu ya halua. Pombe usibebe mpaka uwe unaijua nyumba, maana familia nyingi ni za walokole au Waadventista na chupa yako itakuwa mzigo kwa kila mtu. Samaki je? Kuleta samaki Kisumu ni kumpelekea Mswahili nazi.

Mkabidhi mama zawadi hiyo mkononi, jikoni au mlangoni, bila hotuba.

Hatua ya tatu: jioni ya kwanza kaa ulipoonyeshwa

Salimia kila mtu kwa mkono, ukianza na wakubwa, na usiwaruke watoto wala msichana wa kazi. Kiswahili kinatosha mjini, lakini maneno machache ya Kijaluo yatakufungulia milango: "oyawore" asubuhi, "oimore" jioni, "erokamano" kushukuru, "oriti" kuaga. Mama wa nyumba mwite kwa jina la mtoto wake, Mama Atieno au Min Atieno. Bibi mzee ni "dani", na ukimwita hivyo siku ya kwanza atakuwa wakili wako katika kila jambo. Jina la kwanza tupu, kumwita mtu mzima "Rose" au "Peter", waachie wenyewe waanze.

Kiti cha baba huwa kinajulikana, mara nyingi ndicho kinachotazama televisheni au mlango. Usikikalie. Subiri uonyeshwe pako.

Usiku huo eleza mambo matatu mbele ya wote: umekuja kufanya nini, utaondoka siku gani, na asubuhi huamka saa ngapi. Tarehe ya kuondoka ni muhimu kuliko unavyodhani. Hakuna mtu Kisumu atakayekuuliza. Watanunua chakula kwa kubahatisha mpaka pesa ziishe. Ukiitaja mapema, mama anapanga bajeti yake na hakuna anayeona umefukuzwa au umetoroka.

Mezani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chakula ndicho lugha yenyewe ya nyumba za huku.

Maji ya kunawa yataletwa ulipoketi, birika na beseni. Nawa, shukuru, usiinuke. Sala ikiombwa, inamisha kichwa hata kama dini yako ni nyingine. Ugali unaweza kuwa mweupe wa mahindi au wa kahawia wa mtama na mihogo. Huu wa pili ni mzito, shika kidogo kidogo. Unaliwa kwa mkono wa kulia, na ukiomba uma utapewa, ila utakuwa umejitenga.

Samaki ana heshima zake. Ngege hupikwa mzima, wa kukaanga kisha kuchemshwa na nyanya, na kichwa hakitupwi: ndicho kitamu, na mgeni anayekula kichwa vizuri husifiwa hadi kwa majirani. Mbuta, yaani sangara, huja vipande, kwa sababu ni mkubwa. Samaki huyu aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, akala wadogo wengi. Ukitaka dani azungumze jioni nzima, muulize kuhusu fulu, visamaki alivyokula alipokuwa msichana. Omena usiidharau. Ikikaangwa kwa nyanya na vitunguu na kuwekwa maziwa kidogo, mimi mla papa na nguru nimekubali.

Mboga ndizo mtihani wa wageni wa Nairobi waliozoea sukuma wiki. Kuna osuga, ambayo wengine wanaiita managu; kuna dek, yaani saga; kuna apoth unaoteleza kama bamia; kuna boo, majani ya kunde. Osuga na dek ni chungu, na wapishi wazuri huzichemsha, wakatia maziwa na kuzipasha tena kesho yake hadi uchungu utulie. Ukipewa mboga ya juzi, basi ujue umepewa bora.

Kuku akichinjwa, firigisi katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya ni ya baba. Isipowekwa kwenye sahani yako, usiitafute kwenye bakuli.

Kuhusu kushiba: hapa sahani tupu ni ombi la kuongezwa. Acha tonge moja, osha mkono, sema "aseyieng'", nimeshiba, na urudie utakapobembelezwa. Utabembelezwa mara mbili au tatu. Mara ya nne ukishikilia msimamo, watakuacha.

Hatua ya nne: jinsi ya kutoa pesa bila kutoa pesa

Ukimpa mwenyeji wa Kijaluo noti mkononi kwa ajili ya malazi, kuna uwezekano mkubwa akakasirika, na akisharudisha, hutaweza kumpa tena. Na bado anahitaji. Kwa hiyo pitia mlango wa nyuma.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni umeme. Nyumba nyingi zina mita ya tokeni. Namba ya mita, tarakimu 11, huwa imeandikwa kwenye mita yenyewe au kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na swichi. Unaweza pia kumwomba mtoto akusomee. Ingia M-Pesa, lipa bili, namba ya biashara ni 888880, akaunti ni namba ya mita. Tokeni itakuja kwenye simu yako. Mtumie mama ujumbe huo bila maelezo. Hakuna mtu anayerudisha umeme.

Gesi ndiyo ya pili. Ukiona moto wa mtungi unayumba, nenda nao dukani na kijana wa nyumba, ujaze, urudi nao. Ya tatu ni soko: asubuhi sema unataka kuona soko la Jubilee, mwombe mama akuongoze, na ukifika pale lipa wewe kabla hajafungua kibeti. Nyanya, vitunguu, unga, na samaki mkubwa mmoja. Atalalamika njiani. Mwache alalamike.

Kuna mambo ya kuepuka. Usiwape watoto pesa. Wanunulie madaftari au mkate, na umkabidhi mama yao. Usiahidi karo, simu au kazi ya Nairobi ili tu kumfurahisha mtu jioni moja. Mgeni wa peke yake anayesafiri kwa starehe huonekana ana pesa, hata akiwa amekopa nauli, na maombi yatakuja kwa upole. Jibu linaloeleweka ni "kwa sasa sina, nikipata nitakujulisha", kama kweli unakusudia. Kama hukusudii, sema huna na ubadilishe mazungumzo.

Halafu kuna kazi. Waswahili tunasema siku ya tatu mgeni mpe jembe, lakini huku hakuna atakayekupa. Lazima uliombe mwenyewe, na siku ya pili. Kuchambua omena, kuchuma mboga, kuosha vyombo, kumsaidia mtoto hesabu za shule. Mgeni mwanaume akiingia jikoni kwenye nyumba ya wazee atafukuzwa kwa kicheko. Achukue mtungi akateke maji, hilo litakubaliwa.

Hatua ya tano: utembee mji bila kumteka mwenyeji

Mwenyeji apewe jioni, na mchana uwe wako. Sema wazi: "Kesho nitazunguka mwenyewe, nitarudi saa kumi na moja." Mji wa Kisumu ni rahisi, barabara zake za kati zinateremka kuelekea ziwani, na ukipotea shuka.

Anza na historia ya mji, maana wenyeji watakuuliza jioni umeona nini. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, na mahali pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo sehemu hii yote ilikuwa bado ni mkoa wa mashariki wa Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka uliofuata, 1902. Meli ya SS William Mackinnon ilikuja vipande vipande, ikaungwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, na alama yao iko wazi kwenye Barabara ya Oginga Odinga: mnara wa saa wa mwaka 1938, uliojengwa kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha. Kutoka hapo tembea hadi Msikiti wa Jamia, utazame maduka ya zamani njiani, mengi yakiwa bado na roshani na majina ya wenyewe ukutani.

Mtu anayefunga akumbuke kwamba tuko magharibi. Jua la Kisumu huzama takriban dakika 20 baada ya la Mombasa, usije ukafuturu kwa saa ya kwenu.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kwenye barabara ya kwenda Kericho, yaweke siku ya kwanza au ya pili. Nina sababu. Ndani ya uwanja wake pana Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa kipimo kamili: nyumba ya mke wa kwanza, wa pili, wa tatu, ghala za nafaka, na nyumba ya mtoto wa kiume wa kwanza. Ukishaelewa pale kwa nini nyumba ya mikayi, mke mkubwa, inatazama lango, hutashangaa wala kukosea utakapopelekwa kwenye boma la kweli.

Dunga nenda alfajiri, mitumbwi inapoingia na kina mama wanaponunua samaki. Ukitaka kupanda mtumbwi, patana bei nzima kabla ya kukaa, si bei ya mtu wala ya saa, na usipande bila jaketi la kuokolea. Uliza kama gugu maji limefunga ghuba. Siku nyingine linatanda kama shamba na mtumbwi haupiti. Viboko watazame kwa mbali. Kuogelea hapana: kuna kichocho ndani ya maji, na wavuvi wenyewe watakwambia kuhusu mamba. Mwisho wa siku kaa kando ya ziwa, lakini rudi mapema, kwani alasiri za msimu wa mvua hupasuka kwa radi ghafla.

Jumapili ni soko la Kibuye, nguo za mitumba, samani, kuku, kila kitu. Simu mfuko wa mbele. Kit Mikayi, miamba mikubwa iliyopandana kando ya barabara ya Bondo, ni safari ya nusu siku. Watu huenda pale kuomba. Ukikuta wamevaa kanzu na wanaimba, pita kimya, usiwapige picha.

Hatua ya sita: ukialikwa dala

Mwishoni mwa juma kuna uwezekano mkubwa utaambiwa, "Twende dala." Maana yake nyumbani kijijini, Siaya, Seme, Nyakach au Homa Bay. Kubali. Nyumba ya mjini ni ya kupanga tu. Kule ndiko watu wanakojihesabia.

Kwa desturi, kijana wa kiume aliyebalehe halali nyumba ya mama yake, bali kwenye simba, kibanda chake karibu na lango. Mgeni mwanaume wa rika lake hulala humo. Mwanamke wa peke yake hulazwa na wasichana au kwa dani, na kwa dani ndiko kwenye hadithi. Ukishapewa pa kulala, usihamehame kwa sababu kitanda cha pili kinaonekana laini. Mpangilio wa nani analala nyumba gani una sheria ambazo hazitaelezwa mbele yako.

Makaburi ya familia yako ndani ya boma, mengine yamesakafiwa vizuri kuliko veranda. Si kiti. Usiweke hata kikombe. Usichume mahindi wala kung'oa chochote bila kuambiwa, kwa kuwa nani aanze kupanda na nani aanze kuvuna ni jambo la wakubwa kwa mpangilio wao, na mgeni anayevunja hindi moja anaweza kuanzisha kikao. Beba tochi kwa ajili ya choo cha nje. Beba pia leso, uwe mwanamke au mwanaume; ina kazi kumi.

Uwezekano mkubwa ni kwamba safari hiyo itakuwa ya matanga. Mazishi mengi hufanyika mwishoni mwa juma, na Ijumaa magari ya kuelekea vijijini hujaa. Vaa nguo za heshima, toa mchango wako kwa anayeandika daftari, keti na umati, kula utakachopewa. Picha usipige mpaka uombwe, na mara nyingi utaombwa, kwa kuwa una simu nzuri. Muziki ukianza usiku, ohangla au benga, usishangae watu wakicheza. Marehemu anaagwa.

Mbu, siasa na usiku

Nyanza ina malaria mwaka mzima. Lala ndani ya neti, na kama chumba hakina, nunua yako na umwachie mwenyeji. Anayetoka sehemu za baridi, Nyandarua, Nyeri au Nairobi, aongee na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na akipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi aende apimwe. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa. Nyumba nyingi huchemsha, uliza tu.

Siasa zitazungumzwa kila mahali. Sikiliza. Mgeni mwenye nadharia zake kuhusu Wajaluo na uchaguzi ni mgeni anayechosha, na wenyeji wako wamewahi kupoteza watu. Siku ya maandamano usitoke, na Kondele ndiyo ya kuepuka kwanza. Mwenyeji atajua kabla ya redio. Mpira ni salama zaidi. Gor Mahia, klabu ya tangu 1968, ina wafuasi katika karibu kila nyumba, na hata usipojua mchezaji mmoja, uliza tu walicheza vipi wikendi, kisha ukae starehe.

Usiku usipite saa ya lango uliyoambiwa. Ukichelewa, piga simu kabla ya saa hiyo. Mama halali mgeni akiwa nje.

Hatua ya mwisho: kuondoka

Usiku wa mwisho panga mambo yako mapema, tandua shuka asubuhi, uzikunje au uzifue kama maji yapo. Mshukuru kila mtu kwa jina, pamoja na msichana wa kazi, na huyu mpe kitu kidogo kando, yeye ndiye aliyebeba maji yako. Tenga muda, kwa sababu kusindikizwa hakuna haraka: watakutoa hadi langoni, kisha barabarani, kisha mtu atapanda nawe tuktuk hadi kwenye basi.

Utafungiwa mizigo, hilo usilipinge. Njugu karanga, simsim, omena kavu, pengine kuku hai akifungwa miguu. Huyo wa mwisho ndiye unayeruhusiwa kumkataa kwa sababu ya basi. Samaki mbichi hafiki Mombasa akiwa mzuri bila barafu, kwa hiyo omba akaangwe akauke kabisa, apoe, ndipo afungwe kwa gazeti na kuwekwa kwenye kikapu, kamwe si ndani ya mfuko wa plastiki akiwa moto. Afadhali zaidi ni obambo, ngege aliyepasuliwa na kuanikwa juani, anayedumu. Harufu itakuwepo. Weka kikapu kwenye buti la basi, na ukifika kwenu mpigie mama simu kabla hujaoga, kwani atakuwa anahesabu saa: umefika Kericho, umefika Nakuru, mbona hajapiga.